Ziwani Pasipo na Ziwa: Familia za Eastlands na Siku ya Kupanda Mashua



Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi upo mtaa uitwao Ziwani. Ziwa halipo. Ipo pia Majengo, na Kaloleni, na Makadara, majina ambayo msomaji wa Mombasa au Kilifi atayatambua mara moja kuwa na kwao yapo. Jamaa zetu wengi wamekaa pande hizo tangu Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wajukuu wa watu waliolala wakisikia mawimbi leo wanayajua maji kwa mtungi wa plastiki wa lita 20. Maji ya jiji hutoka mbali, sehemu kubwa katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, nayo hufika mtaani kwa mgao. Mama wa nyumba huamka usiku wa manane kusikiliza kama mfereji umeanza kunong'ona, akapanga mitungi yake, akarudi kulala akisubiri adhana ya alfajiri.

Si ajabu basi kwamba likizo inapowadia, watoto wa nyumba hizo huomba jambo moja kabla ya mengine yote: wapelekwe kupanda mashua.

Nairobi haina kiangazi kama tulichokizoea sisi. Likizo ya Agosti huwa ya baridi na mawingu, na mtoto wa pwani akienda huko bila sweta hujuta. Jua kali huja kuanzia Desemba hadi Machi, wakati huku kwetu kaskazi inavuma, na ndipo familia hutoka. Kwa miaka mingi walikwenda bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, yenye ziwa dogo la kuchimbwa na mashua za makasia. Siku ya Idi ungeona baibui na kanzu zimejaa ukingoni, kila mtoto akisubiri zamu yake. Zamani pia lilikuwapo bwawa la Nairobi Dam, jirani na Kibera, lililojengwa mwaka 1953, ambako watu walitweka matanga. Magugu maji na uchafu vimelifanya lisitamanike. Na bustani ilipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, familia nyingi zilizokuwa zikienda huko zilianza kuchanga nauli na kukodi matatu hadi Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi.

Naivasha si ziwa la bustani. Ni maji mapana, yaliyo mita zipatazo 1,880 juu ya usawa wa bahari, yenye mafunjo kandokando, mwari na furukombe juu yake, na viboko ndani yake. Ndiyo sababu tumeona tuandike.

Maswali tunayoletewa na mama zetu na dada zetu wa Eastlands kuhusu safari hizi ni ya namna mbili. La kwanza ni kama inafaa mwanamke wa Kiislamu kupanda mashua kwa matembezi. Wako wanaume wanaowaacha wake zao ukingoni wakilinda viatu na sufuria ya pilau, wao na wavulana wakazunguka ziwa. Ukiwauliza, watakwambia ni heshima. Sisi hatuioni heshima hiyo ilikotoka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkinga Bibi Aisha kwa nguo yake siku ya Idi ili atazame Wahabeshi wakicheza, akasimama hadi Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Na kuhusu chombo chenyewe, tumkumbuke Ummu Haram binti Milhan, aliyesikia katika nyumba yake habari za watu wa umma huu watakaopanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao vya enzi. Hakusema hayo ni ya wanaume. Aliomba aombewe awe miongoni mwao, naye Mtume akamwombea. Alivuka bahari na mumewe, Ubada bin Samit, hadi Kipro katika zama za Sayyidna Uthman, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake baada ya kushuka chomboni, akafariki huko. Kaburi lake liko Larnaca, kando ya ziwa la chumvi ambalo wakati wa baridi hujaa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Ajaye kutuambia kwamba mwanamke na mashua havipatani, atuambie kwanza amfanyeje bibi huyu.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni la uhai.

Tulisimuliwa na mama mmoja wa Majengo, mbele ya mumewe, mkasa wao wa siku ya pili ya Idi. Walikuwa watu tisa wa kupanda mashua moja. Wanaume na wavulana walikwisha kuketi, injini ikinguruma. Mama huyu hajapata kupanda chombo maishani mwake. Alisimama ukingoni na leso yake begani, akahesabu vichwa, akahesabu majaketi ya kuokolea. Vichwa tisa, majaketi sita. Nahodha akasema maji yametulia, watoto watapakatwa. Shemeji yake akamwambia asiwaharibie watu Idi yao. Mama akaketi chini kwenye nyasi na binti zake wawili, akasema anayetaka kwenda na aende, ila mwanawe wa kiume ateremke. Kijana akateremka huku amenuna. Kisha akateremka mumewe, na baada yake mmoja mmoja, mpaka nahodha akabaki peke yake na mashua yake. Robo saa haikupita, yakapatikana majaketi matatu kwa jirani yake, moja likiwa dogo la kumtosha mtoto.

Mama akalivaa lake juu ya baibui, akawa wa kwanza kuketi. Walipofika karibu na mafunjo, nahodha akapunguza mwendo, wakaona kwa mbali masikio ya viboko yakichomoza majini. Wakati wa kurudi upepo wa alasiri uliinuka, kama ilivyo desturi ya ziwa lile, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni. Mumewe alituambia, akicheka kwa haya, kwamba hapo ndipo alipoufunga mkanda wa jaketi lake, ambao tangu asubuhi alikuwa ameuacha ukining'inia.

Asitokee mtu akamwita mama yule mwoga. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, na dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14, husomwa na mtu aliyekwisha kufunga mkanda wake. Jaketi haliondoi stara. Hulifunika baibui kuanzia bega hadi kiuno, wala halimbani mtu kuliko nguo za harusi tunazoziona siku hizi tukanyamaza.

Tena kuna kuogelea. Imepokewa katika hadithi ya Nasai kwamba kujifunza kuogelea si katika michezo ya upuuzi, na humo humo imetajwa mtu kucheza na ahli zake. Wavulana wetu wa pwani hujifunza wenyewe, wakitoroka chuoni. Binti wa Buruburu au Umoja atajifunzia wapi? Akina mama kumi wakichanga, wanaweza kukodi bwawa la shule au hoteli kwa saa moja, mwalimu akiwa mwanamke na mlango umefungwa. Wazazi hutoa fedha nyingi kuliko hizo kwa shughuli ya jioni moja. Maji usiyoyafika hujui wina wake, na ziwa halimuulizi mtoto kama ni wa kiume au wa kike.

Wanaokusudia safari likizo ijayo wapande mashua asubuhi, kabla ya upepo. Wapatane bei na muda kabla ya kukanyaga chombo, na watoto wasiachwe kuchezea kandokando ya mafunjo, kwani kiboko hutoka majini kula nyasi, hasa jioni. Adhuhuri iswaliwe nchi kavu. Kibla kwa upande ule ni kaskazini, ikielemea mashariki kidogo. Masafa ya kutoka Eastlands yako karibu sana na mpaka wa kukasiri, kwa hivyo asiye na hakika aswali rakaa zake kamili. Simu ya baba nayo ikae mfukoni japo kwa saa moja.

Chakula wachukue chao. Wakipenda samaki wa kukaanga, katika fuo za Karagita na Kamere wanapatikana, ila wengine wana miiba midogo midogo, na mwenye mtoto mdogo amchambulie kwanza.