Baba Apigapo Goti Mbele ya Binti Yake

Katika nchi ya Mexico, binti atimizapo umri wa miaka 15, wazazi wake, hata wakiwa ni watu wa hali ya chini, huona ni wajibu wao kumfanyia karamu iitwayo quinceañera, ambayo mgeni asiyejua desturi, akiliona gauni refu lililofura na taji kichwani, angedhani amefika arusini na kuanza kumtafuta bwana arusi. Bwana arusi hayupo. Aliye ubavuni mwa binti ni baba yake mzazi.

Shughuli huanza kanisani, kwa kuwa wengi wao ni Wakatoliki, ambako husomwa misa ya kumshukuru Mungu aliyemfikisha mtoto umri huo, kisha umati huelekea ukumbini au uwanjani chini ya turubai, penye wali, nyama na mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu ambao aghalabu hutiwa kakao. Lakini kiini cha yote, kwa rai yangu, hakizidi dakika chache. Binti huketishwa kitini katikati ya ukumbi, na baba, aliye mkubwa wa nyumba, humpigia goti mbele ya halaiki, akamvua viatu vya kitoto visivyo na kisigino, akamvika vya visigino virefu. Kisha humshika mkono wakacheza waltz, naye mama kando hajui acheke au alie.

Gharama hazimwangukii baba peke yake. Jamaa, majirani na wazazi wa ubatizo hugawana mzigo, huyu akajitwika keki, yule gauni, mwingine wapiga muziki. Msomaji aliyewahi kupokea kadi ya mchango wa arusi Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Hata hivyo wako wanaokopa ili wasizidiwe na jirani, na israfu hiyo siwezi kuisifu.

Mwaka 2016 baba mmoja wa kijijini, katika jimbo la San Luis Potosí, alirekodiwa katika video ya mwaliko wa quinceañera, mkewe na bintiye wakiwa kando yake, akataja vyakula, bendi za muziki na zawadi ya peso 10,000 kwa mshindi wa mbio za farasi, akamaliza kwa kusema kwamba watu wote wamealikwa. Alikusudia majirani. Video ikaenea mtandaoni, watu zaidi ya milioni moja wakajibu kuwa watahudhuria, na ilipowadia tarehe 26 Desemba wakafika maelfu kwa maelfu, wakiwamo waandishi wa habari waliomsonga binti hata akakosa pa kupita. Na katika zile mbio mtu mmoja aligongwa na farasi akafariki. Baba yule simlaumu, maana kualika bila kubagua ndiyo ada ya watu wa vijijini. Lawama naiweka kwa waliosafiri mbali kwenda kumtazama binti wa watu kama kioja.