Kumtembelea Mgonjwa wa Kifua Kikuu: Rozari Mkono Mmoja, Vidonge Mkono wa Pili

Akina mama wa jumuiya kadhaa za katikati ya jiji wameniomba niwaeleze jambo moja: wakienda kumwona mgonjwa wa kifua kikuu wafanye nini hasa? Wapo wanaoogopa hata kupita mlangoni, na wapo wanaoingia ishirini kwa mpigo katika chumba kimoja. Nitajibu, ila naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2010 katika jumuiya yetu alikuwapo kijana mmoja mpagazi, msukuma mkokoteni pale Kariakoo. Alipanga chumba cha uani katika nyumba ya Kiswahili ya zamani, ambayo leo haipo tena, pamesimama ghorofa. Alikohoa mwezi mzima akidhani ni vumbi la magunia. Siku aliyotema damu ndipo alipokwenda kupimwa, akaonekana ana kifua kikuu, akaanzishiwa dawa. Jumuiya tukajipanga vizuri sana. Kila Jumamosi baada ya sala ya asubuhi tulikwenda kwake, tukasali Rozari, tukaimba, tukamwachia sukari na sabuni, tukarudi makwetu tumeridhika. Muuguzi kati yao nilikuwa mimi. Na katika Jumamosi zile zote sikumwambia hata mara moja, "Mwanangu, hebu nionyeshe vidonge vyako."

Mwezi wa tatu alijisikia mzima. Alikuwa amenenepa, homa imekwisha, kodi ya chumba inamdai. Saa ya kwenda kuchukua dawa ndiyo saa ambayo mizigo inashuka, na mpagazi asiyekuwapo mzigo ukishuka hali siku hiyo. Akaziacha. Sisi tulipomwona barabarani ana nguvu tulimshukuru Mungu, na ziara zetu tukazisimamisha. Mwaka uliofuata kikohozi kilirudi, na safari hii vijidudu vilikuwa vimekwisha kuwa sugu. Alipelekwa Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, hospitali iliyoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009. Alichomwa sindano kwa miezi kadhaa na kumeza vidonge kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Alipona. Lakini sindano za wakati ule zilikuwa na madhara kwa masikio. Leo ukimwita kwa nyuma hageuki. Siku hizi vidonge vimechukua nafasi ya sindano zile, nasi twashukuru, ila masikio yake hayarudi.

Mtume Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake anawakemea watu wanaomwona ndugu hana nguo wala chakula, wakamwombea amani na joto, kisha wakaondoka bila kumpa kitu. Nilikuwa nimesikia somo hilo kanisani mara nyingi. Sikujua kwamba lilikuwa linanisema mimi.

Kwa nini miezi sita?

Ndugu msomaji, vijidudu vya kifua kikuu si kama vya kuhara. Vipo vinavyozaliana haraka, hivyo hufa mapema, na mgonjwa hupata nafuu ndani ya wiki chache. Lakini vipo vinavyojificha mapafuni kama vimelala. Hivyo haviuawi kwa siku chache. Ndiyo sababu miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, na miezi minne inayofuata humeza za aina mbili. Idadi ya vidonge kwa siku hutegemea uzito wake. Akiacha katikati, vijidudu vilivyobaki ndivyo vile vilivyo vigumu, na hivyo ndivyo atakavyowaambukiza watoto wake.

Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, tiba ilikuwa ya miezi minane, na miwili ya kwanza ilikuwa na sindano kila siku. Wagonjwa walilala wodini mpaka wakazoeana kama ndugu. Hata hivyo, nchi yetu ilikuwa tayari mwalimu wa wengine. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na aliyeshirikiana nasi katika kazi hiyo ni Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Yaliyoonekana hapa kwetu yalikuja kuwa msingi wa utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani kote katikati ya miaka ya 1990. Katika utaratibu huo, dawa kuwapo kabatini haitoshi. Lazima awepo mtu wa kumwona mgonjwa akimeza.

Mtu huyo zamani alikuwa muuguzi tu. Baadaye ikaruhusiwa mgonjwa amezee nyumbani, akichagua mwenyewe ndugu au jirani wa kumsimamia. Hapo ndipo jumuiya zetu zinapoingia. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati walipokutana mwaka 1976 na kukazia jumuiya ndogo ndogo, walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi. Basi mgonjwa anaishi chumba cha tatu kutoka kwako. Hahitaji mtu wa kutoka Ulaya.

Msimamizi wa dawa ana kazi ndogo, lakini ni ya kila siku. Anakwenda saa ile ile, anampa maji, anaona vidonge vikimezwa, anatia alama kwenye kadi. Dakika tano. Anajua kwamba mkojo kuwa mwekundu au rangi ya machungwa ni rangi ya dawa tu, si damu, asije mgonjwa akashtuka akaacha. Lakini macho yakigeuka manjano, au akitapika mfululizo, au akaona ukungu machoni, au ngozi ikatoka vipele vingi, msimamizi hangoji Jumamosi. Anampeleka kituoni siku hiyo hiyo. Anakumbuka pia siku za kupima makohozi upya, mwishoni mwa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Vipimo na dawa hizi katika vituo vya serikali ni bure. Kinachowashinda wengi ni nauli na chakula, na hapo ndipo mfuko wa jumuiya una kazi. Badala ya sukari tuliyokuwa tukimpelekea yule kijana, afadhali tungempelekea maharage, dagaa na mayai.

Chumba na watu ishirini

Sasa niseme na wale wanaoingia wengi. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akiongea kwa nguvu au akiimba, vijidudu hutoka na kuelea, na katika chumba kisicho na dirisha hukaa saa nyingi. Vyumba vyetu vya Kariakoo, Gerezani na Ilala mnavijua: dirisha moja, na hilo limezibwa na kabati. Mkijaa humo mkafunga mlango na kuimba nyimbo sita, mmefanya jambo jema kwa namna mbaya. Salini uani, au barazani, au kwenye ngazi za ghorofa penye upepo. Mkiwa ndani, fungueni dirisha na mlango, wachache waingie, mgonjwa azibe mdomo kwa kitambaa au barakoa. Akishameza dawa sawasawa kwa muda wa kama wiki mbili, na kama vijidudu vyake si sugu, kwa kawaida hatari ya kuambukiza inakuwa imepungua sana.

Na wale waoga nao wasikie: kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe, sahani, kupeana mkono wala kukalia kiti chake. Nimeona mzee akitengewa bakuli lake kama mbwa, na wanawe wanakwenda kanisani kila Dominika. Watoto wa nyumba hiyo ndio waliohitaji kuangaliwa, maana wote wanaoishi na mgonjwa yafaa wapimwe, na walio chini ya miaka 5 wakionekana hawaumwi hupewa dawa ya kinga. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda, naye asisubiri.

Jambo lingine ni ulimi. Mgonjwa ndiye anayeamua nani ajue. Wengi wenye kifua kikuu hupimwa pia virusi vya UKIMWI, na majibu hayo si tangazo la jumuiya, hata liitwe "nia ya sala". Waliotufundisha heshima hii hapa Dar es Salaam ni wagonjwa wenyewe. Mwaka 1992, wakati dawa za kurefusha maisha hazijafika kwetu na watu wakifichwa vyumba vya nyuma, kikundi kidogo cha watu wenye virusi kilikusanyika chini ya Jimbo Kuu, na ndicho kilichokuwa mwanzo wa PASADA, iliyoko Chang'ombe. Watu wa kujitolea kutoka parokiani walitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, wakiwahudumia Wakristo na Waislamu bila kuuliza dini. Nao walijifunza kunyamaza.

Sisi wa Kariakoo tungepaswa kuwa wa kwanza kumkumbuka mpagazi. Jina lenyewe la mtaa limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao waliuawa na maradhi na uchovu kuliko risasi. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na bado anayebeba mzigo hana muda wa kuugua.

Nijibu na maswali mawili ninayoulizwa mara kwa mara. Mama mmoja mcha Mungu alikuwa akiruka vidonge kila Dominika, kwa kuwa ataka kupokea Komunyo na hataki kuvunja mfungo. Mama zangu, maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi, na mgonjwa hata chakula akihitaji anaruhusiwa. Meza, kisha nenda Misa. Na Mpako wa Wagonjwa si wa mtu aliyekwisha kukata roho. Mwite padri mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia. Mwingine aliniuliza kuhusu jirani yake Mwislamu anayemsimamia, Ramadhani imeingia, afanyeje? Mgonjwa ana ruhusa katika dini yake asifunge, na hilo aliongee na shehe wake na mganga wake. Kazi yako wewe msimamizi ni kuhakikisha vidonge havirukwi. Kama ni wakati wa daku, basi wewe pia utaamka wakati wa daku. Yupo mama wa WAWATA aliyefanya hivyo mwezi mzima, na siku ya Idi alipikiwa pilau sufuria nzima.

Kwa sasa tunaye mgonjwa mmoja katika jumuiya yetu, yuko mwezi wa nne. Msimamizi wake ni jirani muuza mihogo, anayempitia kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko lake. Wiki iliyopita alisafiri kwenda msibani Morogoro, akaniachia kadi kwa siku tatu. Nilipanda ghorofa ya nne na chupa ya uji, na magoti yangu si ya msichana. Tulikaa kwenye ngazi, penye upepo. Alimeza vidonge vitatu, nikatia alama kwenye kadi, kisha tukasali Malaika wa Bwana, maana kengele haikufika huko juu lakini saa ilikuwa ile ile.