NYASI NI ZAO KAMA MAHINDI

Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu mwezi wa Julai nyasi ni nyingi mpaka zinakanyagwa. Mwezi wa Februari ng'ombe huyo huyo anatafuna mabua makavu, maziwa yamepungua, na mwenye ng'ombe anatafuta mnunuzi. Mnunuzi naye anaijua shida ya muuzaji, kwa hivyo anataja bei ya kutupa. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa itoke kwa maziwa. Sasa karo haipo, na ng'ombe pia ameenda.

Sisi tunaotembelea vikundi vya wafugaji huulizwa kila mwaka dawa ya jambo hili. Wengi hutaka kujua habari za chakula cha dukani au mbegu mpya. Jibu letu huanza kwa swali: zile nyasi za Julai zilienda wapi?

Mahindi tunayapanda, tunayapalilia, tunayavuna kwa wakati na kuyaweka ghalani. Nyasi tunaziacha zijitunze, halafu tunashangaa zikiisha. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Sisi wa nyanda za juu tuna mvua nzuri kuliko wenzetu wa huko. Ni aibu kuiacha ipite bila kuweka akiba.

HESABU KWANZA

Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji karibu kilo 12 za chakula kwa siku, ukihesabu chakula peke yake bila maji yaliyomo ndani ya majani. Napia mbichi ni maji zaidi ya robo tatu, kwa hivyo kilo 12 hizo ni kama kilo 60 za napia iliyokatwa sasa hivi. Kwa nyasi kavu ni kama kilo 14, yaani robota moja dogo kila siku.

Huku kwetu kiangazi, kutoka katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Machi, ni kama siku 100. Ng'ombe mmoja basi anataka marobota 100, au marobota 50 pamoja na tani mbili na nusu hivi za sileji. Mwenye ng'ombe watatu azidishe mara tatu. Hesabu hii ifanywe mwezi wa Mei, sio Januari. Kama nyasi hazitatosha, ni afadhali kuuza mnyama mmoja Novemba akiwa amenona kuliko kuuza wawili Februari wakiwa mifupa.

MVUA NI YA SILEJI, JUA NI LA NYASI KAVU

Makosa tunayokutana nayo zaidi ni ya wakati. Mkulima anakata nyasi Julai ili azikaushe, mvua inanyesha juu yake siku tatu, zinaoza. Mwingine anaogopa mvua, anangoja mpaka Desemba. Wakati huo nyasi zimetoa mbegu na kuwa ngumu kama fito. Marobota atapata, lakini ni ya kujaza tumbo tu. Maziwa hayatoki humo.

Nyasi zikiwa changa zina nguvu nyingi lakini ni kidogo. Zikizeeka zinakuwa nyingi lakini nguvu imeisha. Pahali pazuri ni katikati: napia ikifika kimo cha mita moja hivi, na nyasi za Boma Rhodes karibu nusu yake zikiwa zimetoa maua. Kata hapo, na usikate mpaka chini kabisa. Bakisha kama sentimita 10, maana shina hilo ndilo litakalochipua tena.

Kwa hivyo ugawe mwaka. Majani yanayokomaa wakati wa mvua nyingi, Juni hadi Agosti, yafanye sileji, kwa sababu sileji haihitaji jua la siku nyingi. Kile kipande cha Rhodes unachotaka kukausha, kikate mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, uwape ng'ombe majani hayo. Zitakazochipuka zitatoa maua Oktoba au Novemba, mvua ikipungua. Wewe unayajua mawingu ya kwenu kuliko sisi. Hesabu wiki sita mpaka nane kurudi nyuma kutoka siku za jua.

JINSI YA KUTENGENEZA SILEJI

Kila mama anayetengeneza mursik anajua siri ya sileji. Maziwa yanatiwa katika kibuyu safi, yanafunikwa, yanachachuka, na ule uchachu ndio unaoyahifadhi. Majani nayo ni hivyo. Yakinyimwa hewa, vijidudu vizuri hugeuza sukari yake kuwa uchachu, na uozo unashindwa kuingia. Hewa ikipata njia, uozo unashinda.

1. Chimba shimo mahali pa mteremko pasipotuama maji. Shimo la urefu wa mita 3 na nusu, upana mita 1 na nusu, na kina mita 1, likishindiliwa vizuri litabeba zile tani mbili na nusu za ng'ombe mmoja. Tandika karatasi ya nailoni chini na kando.

2. Kata napia, iache inyauke nusu siku au siku moja, halafu ikatekate vipande vya sentimita 2 au 3. Vikiwa virefu havishindiliki.

3. Napia ina sukari kidogo, kwa hivyo inyunyizie molasi iliyochanganywa na maji. Kilo 3 za molasi zinatosha kilo 100 za majani. Mahindi yaliyokatwa na magunzi yake, punje zikianza kukauka, hayahitaji molasi.

4. Jaza kidogo kidogo, ukishindilia kila tabaka. Watu wakanyage kwa miguu, au pipa lililojaa maji libingirishwe juu. Kazi hii isikae siku nyingi. Hapa ndipo kikundi kinafaa: leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule.

5. Funika kwa nailoni, weka udongo juu wa nusu mita, na chimba mtaro kuzunguka ili maji ya mvua yasiingie.

Baada ya wiki sita fungua upande mmoja tu. Sileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea manjano, na harufu ya uchachu mtamu. Ikiwa nyeusi, inanuka au ina ukungu, itupe. Chukua ya siku hiyo na ufunike mara moja. Mpe ng'ombe baada ya kukamua, sio kabla, kwa maana maziwa hushika harufu upesi.

Asiye na nafasi ya shimo anaweza kushindilia katika mfuko mrefu wa nailoni nzito. Shida ni panya na kuku. Tundu dogo linaharibu mfuko mzima.

NYASI KAVU NA SANDUKU LA ROBOTA

Kata asubuhi umande ukishatoka. Zigeuze zikauke pande zote, siku mbili au tatu za jua. Chukua konzi moja uisokote. Shina likivunjika bila kutoa unyevu, ziko tayari. Ukizifunga zikiwa mbichi zitapata joto na ukungu, na zikiwa nyingi ghalani zinaweza hata kushika moto zenyewe. Ukizikausha kupita kiasi majani yanapukutika, unabaki na vijiti.

Mashine ya trekta si lazima. Fundi wa kijiji anaweza kukutengenezea sanduku la mbao lisilo na chini wala juu, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba mbili ndani, jaza nyasi ukikanyaga, funga, nyanyua sanduku. Robota moja litakuwa kilo 15 mpaka 20 kadiri unavyokanyaga. Yapange juu ya fito, yasiguse udongo wala ukuta, chini ya paa lisilovuja. Na ng'ombe anayekula nyasi kavu aongezewe maji. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa zaidi ya lita 50 kwa siku.

MALISHO NAYO YAPUMZIKE

Shamba la kulishia likiwa moja tu, ng'ombe huchagua nyasi tamu na kuzirudia kila siku mpaka zinakufa. Zinazobaki ni zile mbaya. Ligawe vipande vinne au zaidi, kwa ua au kwa kumfunga kamba. Waingie nyasi zikifika sentimita 20 au 25, watoke zikibaki 10, na kipande kipumzike wiki nne mpaka sita wakati wa mvua. Mvua ya kwanza ya Machi au Aprili usikimbilie kufungulia ng'ombe. Machipukizi hayo yanatumia akiba ya mizizi, na ukiyamaliza umeharibu malisho ya mwaka mzima.

Tukumbuke pia kwamba kila robota linaloondoka shambani linaondoka na rutuba. Mbolea ya boma irudishwe kwenye nyasi, sio mahindi tu. Na ukiona napia imekuwa ya manjano na fupi, huo waweza kuwa ugonjwa wa kudumaa, ambao umeenea magharibi ya Kenya. Ng'oa shina lote, na usimpe jirani vipande vya kupanda.

MWENYE SAUTI NYUMBANI

Jambo la mwisho si la shambani. Mara nyingi mama na watoto ndio wanaobeba majani kichwani, lakini mfanyabiashara akija Novemba na pesa mkononi, marobota yanauzwa bila wao kuulizwa. Februari nyumba hiyo hiyo inanunua nyasi kwa bei ya juu, na anayetumwa kuzitafuta kando ya barabara ni yule mama.

Tunashauri kila nyumba ikae pamoja mwezi wa Mei, baba, mama na vijana wakubwa, iandike katika daftari: ng'ombe ni wangapi, marobota ni mangapi, sileji ni kiasi gani. Hayo ni ya nyumba, hayauzwi. Yakizidi, uzeni, na mwandike pesa zimefanya kazi gani. Mwakani fungueni ukurasa huo mlinganishe. Ukurasa huo utawaonyesha kipande cha shamba kilichowalipa zaidi.