Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya zamani: Pima kabla ya kuvuka mpaka

KOMPYUTA za mezani zilizotumika katika ofisi za ng'ambo huuzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kisha huvuka Namanga, Busia na Rusumo kwenda kwa wapiga picha, wachapishaji na wenye vibanda vya michezo. Wateja hao wana ombi moja: mashine ihariri video bila kukwama. Mara nyingi muuzaji huongeza kadi ya grafiki.

Biashara hiyo ina faida, lakini kosa lake ni ghali. Kadi iliyonunuliwa Nairobi ikigoma kuwaka Bujumbura, nauli ya kuirudisha na siku za kufunga duka humaliza faida yote, na mteja huenda asirudi tena.

Umeme kwanza

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, iliyo maarufu katika soko la mtumba. Ile ya kasha dogo ina pawa saplai ya wati 240, na ile ya mnara wati 275. Kwa kawaida hazina waya wa ziada wa pini sita unaohitajiwa na kadi kubwa, hivyo kadi hutegemea umeme wa nafasi inamochomekwa kwenye ubao mkuu. Nafasi hiyo ya PCI Express hutoa hadi wati 75, na katika baadhi ya makasha madogo ya ofisini kikomo kiko chini ya hapo. Kijitabu cha mashine ndicho cha kusomwa.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 ziliundwa kutumia wati 75. Hata hivyo, watengenezaji wengine waliziongezea soketi ya pini sita. Mnunuzi aitazame kadi yenyewe, asitegemee jina lililo kwenye boksi.

Vigeuzi vinavyochukua umeme kutoka waya wa diski ya SATA ni vya kuepukwa. Waya huo uliundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, huku soketi ya pini sita ikiruhusiwa kuvuta wati 75. Ukizidiwa, plagi yake inaweza kuyeyuka.

Kimo na skrini

Bati la nyuma la kadi ya kawaida lina kimo cha sentimita 12 hivi, na la kadi fupi sentimita 8. Kasha dogo hupokea kadi fupi tu. Rula ya shilingi chache huokoa safari nzima: pima kimo, urefu, na nafasi ya feni.

Skrini nazo huleta kesi. Nyingi za zamani zina tundu la VGA peke yake, na GTX 1050 Ti haitoi mawimbi hayo. Muuzaji afungashe kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kilicho na saketi ndani yake. Aidha, amwonyeshe mteja kwamba waya wa skrini huchomekwa kwenye kadi mpya. Ukiachwa kwenye tundu la zamani, skrini inaweza kubaki nyeusi, na mteja akadhani ameuziwa kadi mbovu.

Kadi bandia

Sokoni kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows huamini jina hilo. Programu ya bure ya GPU-Z hugundua nyingi kati ya hizo na kuandika kwamba ni bandia. Pia, Ethereum ilipoacha uchimbaji wa sarafu kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoka ziliingia sokoni. Ziwashwe dukani, zifanyishwe kazi nzito nusu saa, feni zisikilizwe, ndipo pesa zitoke mfukoni.

Forodhani

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kadi iliyotengenezwa China haipati cheti hicho cha uasili, hata ikiwa imenunuliwa Nairobi. Mfanyabiashara abebe risiti na nyaraka za uingizaji, na amuulize afisa wa forodha kabla ya kupanga bei. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Uganda na Rwanda.

Mteja anataka nini?

Si kila mashine nzito inahitaji kadi. Anayeandika barua na kutunza hesabu atafaidika zaidi na diski ya SSD na kumbukumbu ya kutosha, tena kwa bei nafuu. Aelezwe pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine za mwaka 2012 hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11.

Kwa mhariri wa video, kadi inafaa. Ifungwe katika mashine ileile itakayouzwa na ijaribiwe na skrini ya aina aliyonayo mteja, wakati duka ilikonunuliwa bado liko jirani.