Picha Nane Tu, Laazizi!

Simu yako ina picha elfu ngapi za laazizi wako? Na mara ya mwisho kumtazama vizuri ilikuwa lini?

Mimi na mke wangu tulijiuliza hivyo baada ya kukuta kamera ya marehemu baba mkwe kabatini: Zeiss Ikon Nettar ya Ujerumani, ile ya kukunja. Unabonyeza kitufe, kifuniko kinafunguka, lenzi inachomoza na mvukuto wake mweusi.

Kwanza ipime. Gizani, washa tochi ndani ya mvukuto. Ukiona vitone vya mwanga, ziba, la sivyo picha zitaungua.

Filamu yake, saizi 120, ilianza kuuzwa 1901 na bado inatengenezwa. Ya nyeusi na nyeupe tuliyoweka ilitupa picha 8 tu, sentimita 6 kwa 9. Hakuna kufuta, bwana! Kwa filamu ya ISO 100 na jua kali, weka tundu 16, spidi 1/100. Umbali? Kadiria kwa macho.

Saba tulipigana picha kwa zamu, kila moja na ubishi wake. Ya nane tukampelekea mama mkwe, ambaye tangu afiwe alikuwa hataki kabisa kupigwa picha. Alipoiona kamera, akaketi, akaiweka sawa kanga yake.

"Rudi nyuma kidogo, baba," akaniambia. "Yeye alikuwa akihesabu hatua tatu."

Nikahesabu tatu.

Tulipozisafisha, tano zilikuwa na ukungu. Ya mama imetulia, hadi mikunjo ya kanga inaonekana.

Hebu Jumamosi hii zimeni simu. Mtazame mwenzako kwanza, halafu ndiyo ubonyeze.