Shilingi Isiyoshikika

Wachimbuzi wa magofu ya Songo Mnara, mji wa matumbawe uliostawi kusini ya Kilwa Kisiwani baina ya karne ya 14 na ya 16, wameokota majumbani na makaburini fulusi za shaba zilizopigwa na masultani wa Kilwa, zenye jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola yanayokubaliana vina na jina hilo. Walakini hazina mwaka, wala hazina habari ya yeyote aliyezishika. Sultani aliweza kujua fulusi ngapi zimepigwa. Zilinunua nini, na kwa nani, hakuwa na njia ya kujua.

Mnamo Novemba 2021 Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Profesa Florens Luoga, alitangaza mipango ya sarafu ya kidijitali, na Januari 2023 Benki ikaarifu kwamba itakwenda kwa hadhari, hatua kwa hatua. Wenzao wa Kenya walisema Juni 2023 kuwa jambo hilo si la haraka. Aghalabu watu huichanganya sarafu hiyo na pesa za simu. Shilingi iliyomo simuni mwako leo ni deni la kampuni, nayo kampuni hulazimika kuweka benki fedha ya kadiri hiyo hiyo kama amana; sarafu ya kidijitali ni deni la Benki Kuu yenyewe, kama ilivyo noti, ila noti haina daftari. Naye ashikaye daftari, likiundwa hivyo, huweza kuona kila malipo, na kuitia fedha masharti: itumike duka fulani tu, ikome nguvu tarehe fulani, au ifungwe kwa amri. Si lazima dola iyatake hayo. Yatosha kwamba chombo chayaweza.

Wako wasemao kuwa hiyo ni alama ya Dajali, na hao sina la kuwajibu. Walakini shaka ya raia wa kawaida si ujinga. Pwani hii ilitozwa na Mdachi kodi ya nyumba tangu 1898, ikawabidi wengi kutafuta kazi ya ujira ili wazipate rupia za kulipia. Na juzi tu, Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kila mtu aliona jinsi fedha ipitayo mtamboni ilivyo nyepesi kukatwa kabla haijamfikia mwenyewe, hata manung'uniko yakazidi tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Nigeria nayo ilitoa sarafu yake ya kidijitali, eNaira, Oktoba 2021, na walioitumia wakawa wachache mno.

Kwa hiyo wabunge wetu, kabla sarafu hiyo haijaja, waandike katika sheria nani aruhusiwe kulisoma daftari na kwa idhini ya hakimu gani, wapige marufuku fedha yenye tarehe ya kufa, na waihifadhi haki ya mwananchi kulipa na kulipwa kwa noti.