Je, Wajua? Prosesa Inayochakaa Ikiwa Imepumzika

Je, wajua kuwa kompyuta ya studio hudaiwa kazi iliyokamilika zaidi ya mara 300 kila sekunde? Sauti ya kiwango cha CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Programu ya kurekodi huzikusanya kwenye bafa, tuseme sampuli 128 kwa mkupuo, kisha huikabidhi prosesa fungu zima. Ukigawanya unapata mafungu 344 na ushei kwa sekunde, na kila fungu lina milisekunde 2.9 tu. Ndani ya muda huo prosesa iwe imeshamaliza hesabu za kila ala, kila sauti na kila mwangwi uliowekwa kwenye wimbo. Ikichelewa fungu moja, spika inalia "tak!", mwimbaji anavua hedifoni, na kipande kinarudiwa. Hakuna anayeuliza habari za mafungu mengine yote yaliyowahi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Vipimo vya kasi vinavyobandikwa dukani hueleza prosesa inakwenda mbio kiasi gani kwa wastani. Mtu wa sauti anataka kujua huchelewa kiasi gani siku inapochelewa, na mwenye seva anataka kujua kama katika wiki ya kumi itakuwa bado inafanya kazi na hesabu zake bado ni za kweli. Maswali hayo mawili hayajibiwi na gigahezi.

Na hizo milisekunde 2.9 ni kitu gani masikioni? Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo huo ndio muda inaotumia kuvuka mita moja. Mtu anayeitesa prosesa yake kwa bafa ya sampuli 32 badala ya 128 anaokoa kama milisekunde 2.2. Angesogeza kiti sentimita 75 karibu na spika angepata kilekile, bure.

Je, wajua 44,100 ilitoka wapi? Kwenye mikanda ya video. Kabla ya CD kuingia sokoni mwaka 1982, sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwa mashine za video, sampuli tatu katika kila mstari wa picha. Mfumo wa picha wa Marekani na Japani ulitoa 60 × 245 × 3. Ule wa Ulaya 50 × 294 × 3. Piga hesabu mwenyewe, jibu ni moja.

Je, wajua kuwa ukimya unaweza kuichosha prosesa kuliko kelele? Mwangwi unapofifia, namba zinazouwakilisha huzidi kupungua, zikiikaribia sifuri bila kuifikia. Kwenye hesabu za biti 32, namba ikishuka chini ya takribani 1.18 × 10⁻³⁸ prosesa haiwezi tena kuiandika kwa njia ya kawaida, ikabidi ipite njia ya pembeni iliyo polepole mno. Prosesa ya Pentium 4 ilijulikana vibaya kwa hili: wimbo umekwisha, chumba kimya, halafu kipimo cha mzigo wa prosesa kinapanda na spika zinaanza kukwaruza. Dawa ilipatikana kwenye swichi ya ndani inayoamuru namba ndogo kiasi hicho zihesabiwe kuwa sifuri. Waandishi wengine wa programu walichanganya chembe ya kelele isiyosikika ili namba zisifike huko chini. Programu nyingi za leo huiwasha swichi hiyo zenyewe, lakini pachiko (plug-in) la zamani la mwangwi linalokula prosesa wakati hakuna anayeimba bado lafaa kushukiwa kwanza.

Kupumzika nako kuna mambo yake. Baadhi ya prosesa za Ryzen za AMD za kizazi cha kwanza, zilizotoka 2017, zilikuwa zikiganda chini ya Linux pale mashine ilipokosa kazi. Zilizama kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme zisiamke. Watengenezaji wa mazabodi wakaongeza mpangilio kwenye BIOS wa kuzuia mkondo wa umeme usishuke mno wakati wa mapumziko, na mashine zikatulia. Fikiria fundi aliyekuwa akiitwa usiku kwa seva hiyo: mchana ina wateja, haina tatizo, alfajiri wateja wamelala, nayo inakata roho. Jaribio la kuitwisha mzigo mzito lingemwambia kuwa ni nzima kabisa.

Mafundi wa sauti nao huuogopa usingizi huo kwa sababu nyingine. Kori iliyolala huchukua muda kuamka, na muda huo unakatwa kwenye zile milisekunde 2.9. Ndiyo maana kwenye studio watu huzima hali za usingizi mzito, wakakubali bili ya umeme iliyonona kidogo. Tangu prosesa za Alder Lake za Novemba 2021, Intel imechanganya kori kubwa za kasi na ndogo za kubana umeme katika prosesa moja ya mezani. Kazi ya sauti ikitupwa kwenye kori ndogo kwa bahati mbaya, mikwaruzo hurudi. Kwa studio ya kawaida, prosesa yenye kori chache za aina moja huniridhisha zaidi kuliko yenye msururu wa kori mchanganyiko.

Upande wa Linux, kazi ya kukifanya kiini chake kitimize makataa bila kuteleza ilichukua takribani miaka 20. Ilikamilika kuingizwa kwenye toleo la 6.12, Novemba 2024.

Je, wajua kuwa kupunguza volti kwa asilimia 10 hupunguza umeme unaoliwa kwa karibu asilimia 19, hata bila kugusa kasi? Ulaji wa umeme hupanda kwa mraba wa volti. Kwa hiyo megahezi mia chache za mwisho, zinazohitaji volti za ziada, ndizo ghali kuliko zote kwa joto na kelele za feni. Ryzen 9 7950X inaruhusiwa kuvuta hadi wati 230. AMD yenyewe imeiwekea hali ya Eco inayoishusha sana, na kazi nyingi hazipungui kwa kiwango kinacholingana na umeme uliookolewa. Katika chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa au Tanga, hilo ndilo badiliko la kwanza ningefanya, kabla ya kununua feni yoyote.

Je, wajua kuhusu kura 4,096 za Schaerbeek? Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja katika eneo hilo la Brussels alipata kura nyingi kuliko idadi iliyowezekana kihesabu. Zilizozidi zilikuwa 4,096 kamili, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Biti moja ya kumbukumbu ilikuwa imegeuka kutoka 0 kuwa 1. Wataalamu hawakukuta kosa katika programu, na maelezo yaliyobaki ni chembe kutoka angani iliyoigonga memori. Kosa lilionekana kwa kuwa lilikuwa kubwa kupindukia. Lingeangukia biti ya chini, kura mbili au nne zingepita hivihivi.

Kwa ajili hiyo kuna RAM za ECC, ambazo kwa kila biti 64 za data hubeba angalau 8 za ulinzi: biti moja ikigeuka husahihishwa, mbili zikigeuka hugunduliwa. Fikra ya kusahihisha makosa kwa njia hii ilitoka kwa Richard Hamming wa Bell Labs, aliyekuwa akiiachia mashine kazi zake za mwisho wa wiki na kukuta Jumatatu imezitupa kwa sababu ya kosa dogo. Alijiuliza kwa nini mashine inayoweza kugundua kosa isilirekebishe. Jibu lake lilichapishwa 1950. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa 2009 uliona makosa katika zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM kwa mwaka. Mwenye seva ya hesabu za wateja akiniuliza, hapa ndipo namwambia asibane pesa. Prosesa nyingi za Ryzen za mezani huikubali ECC ikiwa mazabodi nayo inaikubali. Kwa Intel ya kizazi cha 12 hadi cha 14 utahitaji mazabodi yenye chipseti inayoikubali, kama W680. Muuzaji akisema DDR5 zote zina ECC ndani, usikubali: ile hulinda ndani ya chipu tu, haisindikizi data njiani hadi kwenye prosesa.

Ile 4,096 ina pacha wake. Baadhi ya mazabodi za Intel zilikuwa na mpangilio unaoiruhusu prosesa kuvuta wati 4,096. Ni namba ya kusema "hakuna kikomo", kwani soketi ya ukutani ya ampea 13, ya Nairobi au ya Dar es Salaam, haifikishi hata wati 3,200. Kikomo cha Intel yenyewe kwa Core i9-13900K ni wati 253. Wanunuzi wengi hawakujua kuwa mazabodi ilikuwa imeshawaamulia vinginevyo tangu siku ya kwanza.

RAM nazo huficha mtego wa aina hiyo. Profaili za XMP na EXPO, zile zinazoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, kwa watengenezaji wa prosesa ni kuikimbiza mashine kupita kiwango. Kiwango rasmi cha Ryzen 7000 ni DDR5-5200 ukiweka vipande viwili, na ukijaza nafasi zote nne kinashuka hadi DDR5-3600. Kwa seva, ijaze, ikubalie hiyo 3600, uiache.

Je, wajua kuwa makosa mawili maarufu ya prosesa yalifichuliwa na watu waliokuwa wakitafuta namba tasa? Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati wa Lynchburg College huko Virginia, alikuwa akigawanya 1 kwa namba tasa mapacha 824,633,702,441 na 824,633,702,443, akaona majibu ya Pentium yake yamepinda. Kwenye jedwali ambalo prosesa ililitegemea kugawanya, nafasi kadhaa zilizotakiwa kuwa na namba zilikuwa tupu. Intel ilijaribu kwanza kubadilishia wale tu watakaothibitisha kuwa wameathirika. Desemba ikasalimu amri kwa kila mtu, na gharama ikawa dola milioni 475. Kisha Januari 2016 wawindaji wa namba tasa wakaigandisha Skylake, prosesa mpya ya Intel, kwa Prime95, programu ambayo mafundi huitumia hadi leo kuijaribu mashine kabla ya kuiamini.

Prime95 haikutosha, hata hivyo, kwa kisa cha karibuni ambacho ndicho kizito kuliko vyote. Wenye Core i9-13900K na 14900K walianza kuona michezo ikifunga ghafla na ujumbe kwamba kadi ya picha imeishiwa memori. Wengine walibadilisha kadi. Kosa lilikuwa la prosesa: ilikuwa ikifungua data iliyobanwa, ikakosea, na programu ikatafsiri takataka ile kuwa ni upungufu wa memori. Wenye seva za michezo nao walikuwa wakizipoteza mashine moja baada ya nyingine, hata kwenye mazabodi tulivu za W680.

Julai 2024 Intel ilieleza kuwa prosesa zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi. Agosti ikatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 ya kuziwekea kikomo cha volti 1.55. Septemba ikaongeza 0x12B, na maelezo yake ndiyo ya kushangaza: prosesa ilikuwa ikiomba volti za juu hata ilipokuwa na kazi nyepesi au haina kazi. Volti na joto vilikuwa vikizeesha sakiti inayogawa mapigo ya saa ndani ya kori, mpaka volti iliyotosha jana isitoshe leo. Mashine iliyoachwa imewashwa tu usiku kucha nayo iliweza kuchakaa.

Maikrokodi huzuia madhara mapya, haiponyi yaliyokwisha kutokea. Intel iliongeza waranti ya prosesa hizo kutoka miaka mitatu hadi mitano, lakini ukinunua mtumba hesabu ilishaanza siku ya mnunuzi wa kwanza. Kwa hiyo ukikutana na mashine yenye i9 ya kizazi cha 13 au 14 kwa bei ya kuvutia, usiridhike na muuzaji kuiwasha na kukuonyesha skrini. Ingia kwenye BIOS, soma namba ya maikrokodi. Ikiwa ni ya kabla ya 0x12B, muulize imetumika hivyo kwa muda gani, na akikosa jibu, tafuta nyingine.